Klabu ya vitabu: Ni hadithi fupi ipi inafaa kusomwa mwezi huu?

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, watu wanane wamezunguka meza ya mkahawa mmoja jijini Nairobi. Chai imeshaletwa. Mwenye zamu anauliza ni nani amemaliza riwaya, na mikono miwili tu inainuka. Wengine wanacheka kidogo, mmoja anasema kazi zilikuwa nyingi, kisha stori zinahamia kwenye bei ya mafuta. Mwezi unaofuata wanakuja watano.

Klabu za vitabu huweza kufa hivyo, bila ugomvi wowote, kwa aibu tu. Mtu ambaye hajasoma huona heri asije.

Dawa moja ni kuiweka riwaya kando na kusoma hadithi fupi moja kila mwezi. Hesabu yake ni nyepesi. Tuzo ya Caine, inayotolewa kwa hadithi fupi za Waafrika zilizoandikwa kwa Kiingereza, huangalia hadithi za maneno kati ya 3,000 na 10,000. Anayesoma maneno 200 kwa dakika atamaliza hadithi ya maneno 5,000 kwa dakika 25. Hiyo ni foleni moja ya jioni ndani ya matatu, na mara nyingi foleni yenyewe inabaki.

Lakini ufupi peke yake hautoshi.

Hadithi itakayowagawa

Hadithi ambayo kila mtu ameipenda humaliza mjadala mapema. "Ni nzuri." "Kweli, ni nzuri." Basi, watu wanatafuta menyu. Klabu inahitaji hadithi ambayo wasomaji wawili wenye akili timamu wataitoa maana mbili tofauti, na kila mmoja awe na pa kushika.

Mfano mzuri ni "Masharti ya Kisasa" ya Alifa Chokocho. Dadi anakubali masharti ya Kidawa ili amuoe, lakini baadaye wivu unamshinda na anaanza kumnyemelea mkewe kazini usiku. Je, kosa ni la masharti, au la mwanamume aliyeyakubali kwa mdomo tu? Weka swali hilo mbele ya watu wanane walio kwenye ndoa, waliotoka kwenye ndoa na wanaoitafuta, uone kama kuna atakayeuliza saa ya kwenda nyumbani.

Au chukua "Tumbo Lisiloshiba" ya Said A. Mohamed. Jitu linaingia katika mkahawa wa Mzee Mago, linakula chakula chote kilichopo, na kuahidi kurudi kesho yake kula zaidi. Kinachokuja kesho ni matingatinga ya kubomoa mtaa. Wapo watakaosema hadithi ni ya unyakuzi wa ardhi na hakuna zaidi. Wapo watakaotaka kujua kwa nini wenyeji walilikaribisha jitu na kulihudumia mpaka sahani ya mwisho.

"Hiki si kitabu cha shule?"

Ndiyo, ni cha shule, na hapa wengi hugoma. Hadithi hizo mbili zimo katika mkusanyiko wa "Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine", uliokuwa kitabu teule cha KCSE nchini Kenya baada ya "Damu Nyeusi" na kabla ya "Mapambazuko ya Machweo". Mtu mzima akiuona tu anakumbuka swali la alama 20 na mwalimu wa Kiswahili akiwa amesimama mlangoni.

Ni hasara kubwa. Sehemu nzuri ya hadithi fupi za Kiswahili zilizochapishwa miaka ya karibuni imo ndani ya vitabu hivi, na aliyezisoma akiwa na miaka 17 alizisoma akitafuta majibu. Akizirudia na miaka 35, akiwa na mke, mume, mkopo au bosi, atakuta ni kama hajawahi kuzisoma. Isitoshe, nakala hupatikana kirahisi, hata kwa wauzaji wa vitabu vya mitumba. Mkusanyiko huo una hadithi 13: mwaka mzima, na moja ya akiba.

Sharti moja linasaidia sana: kwa nusu saa ya kwanza, neno "maudhui" limepigwa marufuku.

Cha bure huamua lugha

Hadithi zinazoingia fainali ya Tuzo ya Caine zimekuwa zikiwekwa mtandaoni bila malipo. Ni jambo jema. Msomaji wa pwani ataifurahia hadithi iliyompa tuzo hiyo Idza Luhumyo wa Kenya mwaka 2022, kuhusu msichana ambaye nywele zake zinahusishwa na mvua. Ila klabu ikifuata liinki za bure tu, itajikuta imemaliza mwaka kwa Kiingereza bila kuamua hivyo, na wale wanaochangia vizuri zaidi kwa Kiswahili watakuwa wamenyamaza.

Ngũgĩ wa Thiong'o aliwahi kuliondoa tatizo hilo kwa hadithi moja. Aliiandika kwa Kikuyu, na mwaka 2016 jarida la Jalada likaitoa mtandaoni ikiwa imetafsiriwa katika lugha zaidi ya 30, Kiswahili, Dholuo na Kikamba zikiwemo. Ni ngano fupi ya viungo vya mwili vinavyoshindana, na ya jinsi binadamu alivyokuja kutembea wima. Kila mwanachama anaweza kuisoma kwa lugha yake, kisha ubishi ukaanzia kwenye tafsiri.

Mada nzito zitajwe mapema

"Mame Bakari" ya Mohammed Khelef Ghassani inahusu msichana aliyebakwa na kupata mimba. Inafaa kabisa kwa klabu, na kinachovutia ni jinsi hofu yake kuhusu wazazi inavyopishana na yale wanayofanya. Lakini mtu asiikute ghafla. Katika meza ya watu wanane huenda yupo ambaye hayo yamempata na hajamwambia yeyote pale. Mwenye zamu aseme wiki mbili kabla hadithi inahusu nini, na asiyekuja asiulizwe sababu.

PDF kwenye WhatsApp

Kwa kuwa hadithi ni fupi, mtu huipiga picha kurasa zake na kuzirusha kwenye grupu. Sheria ya hakimiliki hailindi riwaya ndefu pekee, na mwandishi wa hadithi fupi hapati hata shilingi kwa picha hizo. Watu wanane wanaweza kununua nakala nne na kusoma wawili wawili.

Nani achague?

Kura ya WhatsApp huleta jina maarufu, mara nyingi kutoka kwa watu ambao hawajaisoma hadithi yenyewe. Zamu hufanya kazi vizuri zaidi, kwa masharti mawili. Mwenye zamu awe ameisoma hadithi mpaka mwisho, na aje na swali moja ambalo yeye mwenyewe hana jibu lake. Akilikosa, achague hadithi nyingine. Na hadithi ya mwezi ujao itangazwe kabla bili haijaletwa, nakala zikiwa mezani.