Kipande Kilichopotea Katika Nchi ya Kusadikika

Kila likizo hurudi na malalamiko yale yale ya wazazi: watoto wanashinda mbele ya simu, na kitabu kimesahauliwa. Likizo iliyopita, nyumbani kwetu Mikese, tulijaribu dawa nyingine. Tulichora ramani, tukaikata vipande vipande, kisha tukawaachia watoto kazi ya kuiunganisha.

Mchezo huu una asili ya darasani. Katika miaka ya 1760, mchongaji wa ramani wa London, John Spilsbury, alibandika ramani juu ya ubao na kuikata kwa kufuata mipaka ya nchi, ili watoto wajifunze jiografia. Sisi tulichagua nchi isiyokuwamo katika ramani yoyote: Kusadikika, nchi inayoelea angani, aliyoibuni marehemu Shaaban Robert katika riwaya yake ya mwaka 1951. Wanangu hawakupata taabu kuisadiki. Hapa Mikese, mawingu yakitanda Uluguru, vilele navyo huonekana kama vinaelea.

Mahitaji yalikuwa machache: karatasi ya manila, boksi kuukuu, gundi ya unga wa ngano, rangi na wembe, ambao niliushika mwenyewe. Tulichora njia sita za wajumbe wa Kusadikika: mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini. Kwa kuwa wanazuoni wametofautiana kuhusu picha za viumbe wenye roho, tulitosheka na njia, milima na majina. Tulikata vipande sitini, kumi kwa kila njia.

Kila jioni tulisoma habari za mjumbe mmoja, kisha watoto wakaunganisha njia yake. Walianza na pembe na kingo, wakaingia ndani kwa kufuata rangi. Wajumbe wale walirudi na heri kwa nchi yao, wakalipwa vifungo. Habari zao anazisimulia Karama, aliyeshtakiwa kwa kufundisha uanasheria, anapojitetea barazani.

Jioni ya sita kikakosekana kipande kimoja, katika njia ya ardhini. Macho yote yakamgeukia kitinda mimba wetu, mwenye umri wa miaka saba, ambaye siku mbili kabla alikuwa amemwaga rangi. Alisema, "Baba, mimi sikukichukua." Sikumwacha amalize. Nilimkemea mbele ya nduguze, nikamwondoa mchezoni.

Mama yangu, aliyekuwa ameketi mkekani akivuta tasbihi, aliniuliza kwa upole, "Mwanangu, yule Karama wa kitabuni walimpa nafasi ya kusema. Huyu wako umempa?" Nilinyamaza, lakini sikubadili hukumu.

Ijumaa, nikijiandaa kwenda msikitini, nilitia mkono katika mfuko wa kanzu. Kipande kilikuwamo. Nikakumbuka: adhana ya Magharibi ilipoadhiniwa, nilikiokota sakafuni kisifagiliwe, nikatoka kwa haraka. Mwizi niliyekuwa nikimtafuta alikuwa mimi.

Baada ya swala niliwakusanya wote. Kwa kuwa nilimkemea mbele yao, nilimwomba msamaha mbele yao. Aliniangalia kwa muda, kisha akanyosha mkono, akapokea kipande na kukiweka mahali pake. Ramani ikatimia.

Wazazi wenzangu, aya ya 12 ya Surat Al-Hujurat inatuonya tujiepushe na dhana nyingi. Twaisoma tukiwafikiria majirani na viongozi, tukasahau kwamba mtuhumiwa wa kwanza katika nyumba zetu huwa ni mtoto, naye hana wakili. Kosa la jana halithibitishi kosa la leo. Mtengenezeeni mwanao ramani yake, msome naye kitabu. Na siku kipande kitakapopotea, msikilize kwanza, kisha upekue mifuko yako. Allah atujaalie uadilifu majumbani mwetu. Amin.