Nairobi hadi New York: Umbali, Upepo na Saa

Kutoka Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta, Nairobi, hadi ule wa John F. Kennedy, New York, ni takriban kilomita 11,840. Kwa kuwa dunia ni mviringo, njia fupi kati ya miji hiyo haionekani imenyooka kwenye ramani ya ukutani, bali imepinda. Inaanza kwa kuelekea kaskazini-magharibi, inakatiza Uganda na Sudan Kusini, kisha Chad, Niger, Algeria na Morocco, na kuvuka Atlantiki karibu na visiwa vya Azores. Anayepiga mstari kwa rula kwenye ramani ya kawaida huongeza kilomita 350 hivi. Uzi uliokazwa juu ya tufe la dunia utathibitisha jambo hilo.

Hadi 2018, abiria wa safari hii walilazimika kubadilisha ndege Ulaya, Ghuba au Addis Ababa. Tarehe 28 Oktoba mwaka huo, Kenya Airways ilianza kwenda moja kwa moja kwa Boeing 787-8.

Ndege ya aina hiyo hukata karibu kilomita 900 kwa saa. Kwa hesabu ya darasani, saa 13 na ushei zingetosha. Ratiba lakini huonyesha saa 15 hivi, kwani muda huhesabiwa tangu ndege inapoondoka langoni hadi inapoegeshwa, na marubani hufuata njia walizopangiwa, ambazo si lazima ziwe fupi kuliko zote. Kikubwa zaidi ni upepo. Katika kimo cha kilomita 10 hadi 12 kuna mikondo yenye nguvu ivumayo kutoka magharibi kwenda mashariki. Wakati wa kwenda, ndege hupambana nayo; wakati wa kurudi husukumwa nayo, na safari hupungua kwa karibu saa nzima.

Nairobi nayo ina shida yake. Uwanja uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi. Injini hupungukiwa nguvu, na ndege iliyojaa mafuta huhitaji kukimbia mbali zaidi kabla ya kupaa. Joto la mchana huzidisha tatizo hilo, hivyo kuondoka usiku kuna manufaa.

Kinachowachanganya wengi ni saa za ukutani. Ndege ikiondoka Nairobi saa tano na nusu usiku mwezi Januari na kuruka saa 15, Nairobi itakuwa saa nane na nusu mchana, ilhali New York, iliyo nyuma kwa saa 8, ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kuanzia Machi hadi Novemba tofauti ni saa 7, kwa sababu Wamarekani husogeza saa zao mbele. Saa zinazochapishwa kwenye tiketi ni za kila mji kivyake, na anayekwenda kumpokea mgeni azisome hivyo.