Neno Muspell: Matumizi Yake na Maana Yake

Katika hadithi za kale za watu wa Kaskazini ya Ulaya limo neno ambalo wafasiri hulipita upesi, kwa kuwa hudhani wanalijua. Neno hilo ni muspell. Kwa kawaida huelezwa kuwa ni jina la nchi ya moto. Maelezo hayo si ya uwongo, lakini asili yake ni kitabu cha mtu mmoja, Snorri Sturluson (1179–1241), aliyeandika yapata mwaka 1220, wakati Iceland ilipokuwa imekwisha kuwa nchi ya Kikristo kwa zaidi ya miaka mia mbili. Yafaa basi tuyatazame matumizi ya neno lenyewe kabla ya kuikubali maana hiyo.

Katika ushairi wa kale twalipata mara tano tu, katika lugha tatu zilizo ndugu. Mara mbili ni katika Kinorse cha kale, katika mashairi yaliyohifadhiwa na kitabu cha mkono kilichoandikwa Iceland yapata mwaka 1270. Shairi la kwanza, Völuspá, lawataja watu wa Muspell wakija baharini kutoka mashariki, na Loki ameshika usukani wa merikebu. La pili, Lokasenna, ni shairi la matukano. Humo Loki amkejeli Freyr kwamba, siku wana wa Muspell watakapoupita msitu wa Myrkviðr juu ya farasi, yeye hatakuwa na silaha, kwa sababu upanga wake aliutoa ili ampate mke. Msomaji aangalie kwamba katika mahali pote pawili neno hili halikuambatana na moto. Moto wa Völuspá waletwa na Surtr, naye atoka kusini, katika ubeti mwingine. Ni Snorri anayeiweka Muspell upande wa kusini na kumfanya Surtr mlinzi wa mpaka wake, na upanga uwakao mkononi.

Sarufi nayo haitusaidii. Kinorse chasema Muspells synir, na ile -s ya mwisho ni ya umiliki, haina zaidi ya kile kiungo chetu "wa". Sisi husema "wana wa Adamu", na Adamu ni mtu. Tena husema "wana wa nchi", na nchi haikumzaa mtu. Mgeni asiyejua Adamu ni nani wala nchi ni nini, angeyatambuaje haya mawili kwa kiungo peke yake? Snorri mwenyewe alisitasita. Mahali pamoja Muspell ni jina la ulimwengu wa joto na mwanga. Mahali pengine Muspell ndiye mwenye merikebu Naglfar, ile iliyoundwa kwa kucha za maiti.

Tukienda Ujerumani mambo yabadilika kabisa. Heliand, utenzi mrefu wa Kisaksoni cha kale uliotungwa yapata mwaka 830 kueleza maisha ya Kristo, una neno hili mara mbili, nalo huandikwa mudspelli au mutspelli. Mara ya kwanza ni katika kuufasiri mfano wa ngano na magugu: nguvu za mudspelli zitawafikia wanadamu. Mara ya pili laja usiku, kwa ghafula, kama ajavyo mwizi. Matumizi ya tano yamo katika shairi la Kijerumani cha kale cha Bavaria, la karne ya tisa, lililoandikwa katika kurasa tupu na pambizo za kitabu cha Kilatini ambacho askofu Adalram wa Salzburg alimpa mfalme Ludwig. Mwanzo na mwisho wa shairi umepotea, hata jina. Johann Andreas Schmeller, alipolichapisha mwaka 1832, aliliita Muspilli kwa neno hilo hilo lililomo ndani, pale panapoelezwa kwamba mbele ya muspilli udugu hautafaa kitu. Huko halina umbo la jina la mtu wala la nchi. Limetanguliwa na kibainishi, kama nomino yoyote ya kawaida, na maana yake ni siku ya mwisho, au hukumu, au maangamizi yenyewe.

Wataalamu wamejaribu kuitatua tofauti hii kwa kuchimba asili ya neno. Sehemu ya pili, -spell, wengine huilinganisha na neno la kale la "usemi", lililomo hata katika neno la Kiingereza la Injili. Wengine na kitenzi spilla, "kuharibu". Sehemu ya kwanza imesemwa kuwa ni kinywa, ardhi, mti, au hata mundus ya Kilatini, yaani ulimwengu. Hivyo twapata "hukumu ya kinywa", "mharibu miti" (yaani moto), "uharibifu wa dunia". Kila jibu lafaa kwa mashairi fulani na kuyaacha mengine, na kwa maoni yangu wingi huo wa majibu watuonyesha kwamba njia hii haitufikishi mbali. Mwenye kujua tu kwamba "kiyama" latokana na shina la Kiarabu lenye maana ya kusimama, hatapata kwa shina hilo hofu iliyomo katika neno letu, wala hatajua kwa nini msiba mkubwa nao huitwa kiyama.

Wako pia wasemao kwamba neno liliundwa na wahubiri wa Kikristo, kisha likasafiri kaskazini likageuzwa kuwa jina la jitu. Hoja yao ni kwamba Ujerumani latokea katika maandiko ya Kikristo tu. Hoja hiyo ni dhaifu. "Kuzimu" limo katika Biblia ya Kiswahili, nalo ni neno la mizimu, la kale kuliko Biblia hiyo. "Kiyama" kwa upande wake lilikuja pamoja na dini. Andiko lililolihifadhi neno si lazima liwe ndilo lililolizaa.

Kwa mfasiri wa Kiswahili shida hii si ya nadharia, kwa maana upatanisho wa ngeli hauruhusu kunyamaza. Katika mashairi mawili ya Kinorse tuna bahati: "watu wa Muspell" na "wana wa Muspell" hubaki na utata ule ule wa asili, wala haifai kuandika "watu wa nchi ya moto". Katika Heliand ningeandika "mudspelli yaja", kwa ngeli ya maneno ya kigeni, na kuliacha "kiyama" kwa maelezo ya chini ya ukurasa, kwani shairi lile halikuzungumza juu ya ufufuo kwa neno hili. Kwa Snorri hapana njia moja. Anapotaja ulimwengu, "Muspell ilikuwako kwanza". Anapotaja merikebu, "Muspell anayo Naglfar". Na mhariri asizisawazishe sentensi hizo mbili.