Pampu imezimwa au imeharibika? Jinsi ya kuijulisha tarakilishi saa za matengenezo

PAMPU ya kisima inapokoma kunguruma Garbatulla, Kaunti ya Isiolo, mfugaji aliyefika birikani na ng'ombe wake huuliza swali moja tu: imeharibika ama imezimwa?

Jibu lina uzito. Iwapo fundi ameizima ili kubadilisha kifaa, mfugaji anaweza kungoja kivulini kwa saa chache kisha akanywesha. Iwapo mota imeungua, hana budi kuigeuza mifugo na kuiswaga hadi kisima kingine kabla haijaishiwa na nguvu. Misimu mitano mfululizo ya mvua ilipokosekana kuanzia Oktoba 2020, uamuzi kama huo ulikuwa wa kufa na kupona kwa mifugo mingi ya kaskazini. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 99,730 katika kaunti ndogo ya Garbatulla, na wengi wao hutegemea mifugo.

Tarakilishi inayofuatilia kisima kutoka mbali haina macho ya mfugaji. Inachojua ni kwamba umeme umekoma kuingia kwenye pampu.

Ufuatiliaji wa aina hiyo si jambo la kubuni. Chini ya mradi wa Kenya RAPID, ulioanza katikati ya miaka ya 2010 kwa ufadhili wa Marekani na Uswisi, vihisi vilifungwa kwenye pampu za visima katika kaunti kame, Isiolo ikiwemo. Kihisi ni kidude kidogo kinachoshikishwa kwenye waya wa pampu. Hupima mkondo wa umeme, kisha hutuma habari kwa njia ya satelaiti au mtandao wa rununu. Mkondo ukikatika, arafa ya tahadhari humfikia mhusika.

Faida yake ilionekana mapema nchini Rwanda. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 kuhusu pampu za mkono ulibaini kuwa pale ambapo vihisi viliwaelekeza mafundi, muda wa kati wa kurekebisha pampu ulikuwa takriban siku 21. Pale ambapo mambo yaliendeshwa kwa mazoea, muda huo ulifikia siku 152.

Lakini tahadhari ina thamani mradi tu iaminike. Fundi anapozima pampu ili kuisafisha na simu za wakubwa wake watano zikalia kwa pamoja, kisha hali hiyo ikarudiwa kila mwezi, kitakachofuata kinajulikana. Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji, na arafa za uongo hatimaye hazimwamshi mhandisi. Siku mota itakapoungua kweli, ujumbe wake utapita kama wa jana.

Dawa ya tatizo hili ni kuiambia programu, kabla ya kazi kuanza, kwamba kisima fulani kitazimwa kuanzia saa fulani hadi saa fulani, kwa sababu fulani, na kwa idhini ya fulani. Hicho ndicho kipindi cha matengenezo yaliyopangwa. Wakenya wanakifahamu kwa sura nyingine: ni yale matangazo ya kukatizwa kwa umeme ambayo kampuni ya Kenya Power huchapisha magazetini, yakitaja eneo, siku na saa. Safaricom nayo ilitangaza mapema kwamba M-Pesa ingesimama usiku mmoja wa Aprili 2015, ilipokuwa ikihamisha mitambo ya huduma hiyo kutoka Ujerumani kuja nchini.

Programu za kufuatilia mitambo, kama vile Nagios na Zabbix, zilitungwa kwa ajili ya seva za mashirika, lakini kanuni zake zinafaa kisima vile vile. Nagios hutofautisha vipindi vya aina mbili. Kipo kinachoanza na kumalizika kwa saa isiyobadilika. Kipo pia kinachonyumbuka: unaieleza programu kwamba mtambo utazimwa wakati wowote kati ya asubuhi na jioni, na kwamba kazi itachukua saa tatu. Saa hizo huanza kuhesabiwa pale tu mtambo unapozimika.

Kwa maoni yangu, Garbatulla inahitaji aina hii ya pili. Gari la fundi linaweza kukwama mchangani au kuchelewa kuondoka Isiolo mjini. Kipindi kisichobadilika kitakuwa kimekwisha kabla hajafungua sanduku la spana, na tahadhari zitalia akiwa kazini.

Zabbix humruhusu msimamizi kunyamazisha tahadhari huku vipimo vikiendelea kukusanywa, au kusimamisha vyote viwili. Inafaa vipimo viendelee. Fundi akishaondoka, vipimo hivyo ndivyo vitakavyoonyesha kama pampu ilirudi na nguvu zake za awali ama inajikokota. Pampu za kawi ya jua nazo zahitaji kipindi kinachojirudia kila usiku, kwa sababu hulala jua likitua, na hilo si hitilafu.

Mtego mkubwa zaidi, ambao vitabu vya Wazungu havina habari nao, ni saa yetu ya Kiswahili. Fundi anapiga simu na kusema ataanza saa nne. Karani anaandika 4:00. Kwa tarakilishi, hiyo ni saa kumi alfajiri. Alipaswa kuandika 10:00. Isitoshe, seva nyingi hufuata saa ya kimataifa, ambayo iko nyuma ya saa ya Nairobi kwa saa tatu. Seva ya aina hiyo ikiandikiwa 10:00 itaanzisha kipindi saa saba mchana, wakati fundi yuko karibu kufunga kazi. Iliyohitajika ni 07:00. Mimi ambaye nimehariri matangazo ya saa kwa miaka mingi ningali nahesabu kwa vidole.

Kuna kosa jingine, nalo ni kusahau mwisho. Baadhi ya wasimamizi, wakichoshwa na arafa, huzima tahadhari moja kwa moja wakikusudia kuiwasha baadaye. Kipindi chenye ukomo hujifunga chenyewe. Tahadhari iliyozimwa kwa mkono husubiri mtu akumbuke.

Na siku yenyewe ichaguliwe na nani? Waborana wana cheo cha abba herega, msimamizi wa zamu ya kunywesha katika visima vyao vya jadi. Kwenye visima vya mitambo, zamu mara nyingi huwa mikononi mwa kamati ya maji. Hao ndio wanaojua kundi lipi litafika lini, na siku ipi birika litakuwa na mifugo michache. Msimamizi wa tarakilishi aliye Nairobi hana habari hiyo mpaka awapigie simu, na simu hiyo yafaa ipigwe kabla hajaandika saa yoyote.