Mududu wa majani ya maharagi: adui anayelala ndani ya udongo

Ndugu wakulima, mvua ya kwanza ikinyesha na maharagi yakianza kuota, wengi tunakuta majani yamejaa matundu. Mara nyingi ni kazi ya mududu mumoja mudogo. Wataalamu wanamuita Ootheca mutabilis.

Namna ya kumutambua
Ni mudogo, milimita 6 hivi, wa umbo la yai, na mugongo wake unang'aa. Wengi wako na rangi ya machungwa ama kahawia, wengine ni weusi. Musidanganyike: rangi ni mbalimbali, lakini mududu ni ule ule. Hata neno mutabilis maana yake ni "mwenye kubadilika".

Anapatikana wapi?
Yuko katika inchi nyingi za Afrika kusini ya Sahara: Nigeria, Kenya, Uganda, Tanzania, na hapa kwetu Kongo. Anapenda maharagi na kunde.

Anaharibu namna gani?
Mukubwa anakula majani kati ya mishipa. Mumea ukiwa muchanga na wadudu wakiwa wengi, unakufa. Kisha anataga mayai ndani ya udongo, karibu na shina. Watoto wake hawaonekani: wanakula mizizi na vile vivimbe vinavyolisha mumea. Hapo maharagi yanageuka manjano na kunyauka, na mutu anafikiri ni jua.

Wale watoto wakikomaa, wanakuwa wadudu kamili, lakini hawatoki mara moja. Wanalala chini mpaka mvua irudi. Ndiyo sababu mwenye kupanda maharagi juu ya maharagi anawatayarishia chakula.

Tufanye nini?
1. Musirudishe maharagi ama kunde pale pale. Pandeni mahindi ao muhogo.
2. Kisha kuvuna, limeni shamba kwa kina. Wadudu waliolala watatoka juu na jua litawaua.
3. Pale musimu unaruhusu, chelewesheni kupanda kidogo, ili wengi watoke wakose chakula.
4. Pitieni shamba kila siku wakati mimea ni michanga, muokote wadudu kwa mukono.

Mutu mumoja akifanya peke yake, wadudu wa jirani watamufikia, maana wanaruka. Muongee ndani ya koperative, mupange pamoja shamba gani litapumuzika na maharagi.