Mtoto wako si lazima aanze kama Tiger Woods

Mzazi anapogundua kwamba mwanawe ana kipaji cha mchezo, swali la kwanza huwa ni lile lile: aanze lini, na afanye mazoezi kiasi gani? Na mara nyingi swali hilo huja likiwa limebeba jina la Tiger Woods, hata kama mtoto mwenyewe anacheza mpira wa miguu au anaogelea. Mwaka 1978, akiwa na miaka miwili tu, Woods alionyeshwa kwenye televisheni ya Marekani akipiga mpira wa gofu. Mwaka 1997, akiwa na miaka 21, alishinda mashindano ya Masters kwa tofauti ya mikwaju 12. Mzazi akisikia hayo huunganisha mwenyewe: aliyeanza mapema ndiye aliyefika mbali.

Leo nakuomba tulitazame wazo hilo kitabibu, kwa sababu ndilo linalojaza watoto wenye maumivu ya mgongo, magoti na visigino kwenye kliniki.

Tuanze na gofu yenyewe. Ni mchezo mzuri wa kujifunzia kwa kuwa kila mkwaju huhesabiwa. Raundi moja ina mashimo 18 na mchezaji wa kulipwa huimaliza kwa mikwaju 70 hivi. Mashindano makubwa huwa ya raundi nne. Kwa hiyo anayemzidi mwenzake mkwaju mmoja tu kwa raundi, siku ya nne atakuwa amemwacha kwa mikwaju minne, na mikwaju minne ni mingi mno katika mchezo huo. Kumbuka hapo tunalinganisha watu ambao wote ni hodari. Mzuri sana na bingwa wa dunia wametenganishwa na kitu chembamba hivyo.

Kitu hicho hutoka wapi? Watazamaji wengi watakuambia ni ule ufundi wa kuusukuma mpira taratibu hadi shimoni. Profesa Mark Broadie wa Chuo Kikuu cha Columbia alichambua kumbukumbu za mikwaju mingi mno ya wachezaji wa kulipwa wa Marekani, na mwaka 2014 akatoa kitabu kiitwacho Every Shot Counts. Alikuta kwamba ubora wa wale wanaoongoza hutokana na mikwaju mirefu, ya zaidi ya yadi 100, kwa karibu theluthi mbili. Kusukuma mpira shimoni kulichangia kama asilimia 15 tu. Hata wachezaji hao wa kulipwa, wakiwa futi 8 kutoka shimoni, yaani kama mita mbili na nusu, hukosa karibu nusu ya majaribio yao.

Woods aliwazidi wenzake zaidi kwenye mkwaju wa kuukaribia shimo kutoka mbali. Lakini takwimu yake inayonigusa mimi kama daktari ni nyingine. Kwenye mashindano mengi, baada ya raundi mbili wachezaji walio nyuma huondolewa. Kuanzia mwaka 1998 hadi 2005, Woods alicheza mashindano 142 mfululizo bila kuondolewa. Ndani ya miaka hiyo bila shaka kulikuwa na siku za mafua, za usingizi mbovu na za mkono kutotii. Siku zake mbaya zilikuwa nzuri kuliko siku mbaya za wengine. Kwa maoni yangu hapo ndipo bingwa anapoachana na yule mzuri sana: mwili unaoweza kurudia jambo lile lile leo, kesho na mwakani, bila kuvunjika.

Na mwili huvunjika. Gofu huonekana kama matembezi ya wazee, lakini mchezaji wa kulipwa anapozungusha kiuno kupiga mpira kwa nguvu, shinikizo kwenye pingili za chini za mgongo limepimwa na kufikia takribani mara nane ya uzito wa mwili. Rudia hilo mamia ya mara kwa siku. Ndiyo maana mgongo wa chini ni miongoni mwa sehemu zinazowaumiza zaidi wachezaji hao.

Woods mwenyewe ni ushahidi. Mwaka 2008 alishinda US Open akiwa na kano iliyochanika kwenye goti la kushoto na nyufa kwenye mfupa wa muundi wa mguu huo huo. Watu husimulia ushindi huo kama ushujaa, na mimi sitaki kuwanyima simulizi yao. Lakini malizia hesabu: taji lake kubwa lililofuata lilikuja mwaka 2019, miaka 11 baadaye, na katikati alifanyiwa upasuaji wa mgongo mara nne. Ule wa mwisho kati ya hiyo minne, wa mwaka 2017, ulikuwa wa kuunganisha pingili. Alikuwa mtu mzima, ana madaktari wake, na uamuzi ulikuwa wake. Mtoto wa miaka 11 hana uamuzi huo. Anaamuliwa na mzazi na kocha.

Tena mifupa ya mtoto si mifupa ya mtu mzima iliyopunguzwa ukubwa. Kwenye ncha zake kuna sehemu laini ambako mfupa hurefukia, na huko ndiko kazi ya kurudiarudia huumiza kwanza. Kwenye mgongo, kijana anayejipinda nyuma na kujizungusha kila siku anaweza kupata ufa mdogo kwenye pingili. Huanza kama maumivu ya kawaida, na hapo ndipo wengi huambiwa ni uvivu.

Sasa waangalie mabingwa wengine. Jack Nicklaus, mwenye mataji makubwa 18 dhidi ya 15 ya Woods, alicheza pia mpira wa kikapu akiwa shuleni. Scottie Scheffler naye alicheza kikapu sekondari. Annika Sörenstam wa Sweden, mwenye mataji makubwa 10, alianza na tenisi. Huyu alikuwa na haya kiasi kwamba akiwa msichana alikosa mpira makusudi mwishoni ili asishinde na kulazimika kutoa hotuba. Mzazi mwenye pupa angesema mtoto huyu hana moyo wa ushindani.

Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, katika mwongozo wake wa mwaka 2016, kinashauri mtoto asibanwe kwenye mchezo mmoja kabla ya miaka 15 au 16. Apumzike siku moja au mbili kila wiki, na kwa mwaka apate jumla ya miezi mitatu mbali na mchezo wake mkuu, mwezi mmoja mmoja. Kuna kipimo kingine rahisi kwa mzazi: saa za mazoezi kwa wiki zisizidi umri wake. Wa miaka 10, saa 10, ukijumlisha za shule, za klabu na za kocha wa Jumamosi. Wengi hawajumlishi. Kila kocha anajua saa zake tu.

Jambo moja nalisema kwa ukali kidogo. Usimpe mtoto diklofenaki au dawa nyingine ya maumivu ili aweze kucheza mechi ya kesho, na usikubali achomwe sindano kwa lengo hilo. Maumivu ndiyo breki yake. Ukiyazima, ufa unaendelea kupanuka huku anakimbia, na dawa hizo zina madhara kwa tumbo na figo, hasa anapocheza juani bila maji ya kutosha.

Mlete hospitali kama mgongo umeuma zaidi ya wiki mbili, unauma zaidi anapojipinda nyuma, au anachechemea baada ya mazoezi. Usisubiri hata siku moja kama maumivu yanamwamsha usiku, ana homa au anapungua uzito, miguu inakufa ganzi au kukosa nguvu, au ameanza kushindwa kuzuia mkojo. Unapokuja, andika kwenye karatasi ratiba yake ya wiki nzima, saa kwa saa, na ubebe viatu anavyochezea. Na umwache ajibu mwenyewe ninapomuuliza panapouma.