Ulizaneni damu kabla ya pete

VIJANA wa Makongeni wakianza kuchumbiana huulizana mengi: kwenu ni wapi, unafanya kazi gani, wewe ni Gor ama Ingwe? Swali moja husahaulika: damu yako ni AA ama AS?

Familia nyingi za Eastlands zina asili yake Nyanza na Magharibi. Mnamo 1949, mwanasayansi Anthony Allison, aliyekulia Kenya, aligundua kuwa jeni ya selimundu imeenea zaidi kandokando ya Ziwa Victoria na Pwani kuliko nyanda za juu. Mwaka 1954 alieleza sababu: anayebeba jeni moja hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Shida huja zikikutana mbili.

Zinakutanaje? Seli hugawanyika kwa njia mbili.

Ukianguka na boda goti likachubuka, unapona kwa mitosisi. Seli yenye kromosomu 46 hunakili zote, kisha hugawanyika kuwa mbili, kila moja na 46 zilezile. Ni kama fotokopi, na fotokopi hunakili hata kosa. Ndiyo maana mgonjwa wa selimundu hutengeneza chembe zenye kasoro maisha yake yote. Chembe nyekundu ya kawaida huishi kama siku 120. Yake hufa kwa siku 10 hadi 20, na zikijipinda kama mundu huziba mishipa. Hapo ndipo maumivu makali hutoka.

Meiosisi nayo hutengeneza mbegu na mayai ya uzazi. Kromosomu 46 hupunguzwa hadi 23. Kwa mtu wa AS, nusu ya mbegu hubeba A, nusu S. Ikiwa nyote wawili ni AS, kila mimba ina uwezekano wa robo kuwa AA, nusu AS, na robo SS, yaani mgonjwa. Bahati nasibu hii huanza upya kila mimba. Mtoto wa kwanza kuugua hakumaanishi watatu wanaofuata wako salama.

Kwa hivyo mama asilaumiwe peke yake, wala msiseme nyumba ina laana. S moja ilitoka kwa baba pia.

Mtu wa AS kwa kawaida huwa mzima, hivyo kioo hakitakwambia kitu. Kipimo cha damu kitakwambia. Majibu hayawalazimishi kuachana, ila yanawapa nafasi ya kupanga. Nendeni mapema, kabla wazee hawajaanza kuhesabu ng'ombe.